Kasi Bila Baridi ni Hasara

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita. Najua wengi wenu mkifungua jarida la Chama cha Kiswahili mnatarajia mashairi, vitendawili na hadithi za sungura na fisi. Leo niruhusuni niseme juu ya kompyuta. Kiswahili hakikuumbwa kwa ajili ya sungura peke yake.

Jambo lenyewe ni hili. Muhula uliopita, katika kilabu cha kompyuta, kulizuka mabishano makali kuhusu mashine za maabara yetu. Kila mtu anajua zilivyo. Unaiwasha, unaandika tarehe daftarini, unamwuliza jirani habari za nyumbani, unarudi, bado inazunguka tu. Nyingine huzimika zenyewe katikati ya kazi, ati zimechoka. Kipindi ni dakika 40, na sisi wa shule ya kutwa hatuna masomo ya usiku ya kufidia. Kengele ya jioni ikilia, kila mmoja anashika njia ya kwao. Basi wenzetu wawili wa Kidato cha Nne wakapendekeza tuzipige ovakloki, yaani tuzilazimishe prosesa ziende kwa mwendo mkubwa kuliko ule zilioandikiwa kiwandani. Upande wa pili ukapinga, ukasema mtu asiguse hata skrubu moja, kwani mashine si za baba yake mtu. Nusura watu washikane mashati. Mwalimu akafunga mkutano.

Mimi siku hiyo sikufungua mdomo. Nilikuwa na siri, na siri yenyewe ni ya aibu. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, kwa hivyo leo naitoa. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zilikosea. Wanaotaka kuongeza kasi wamesahau kwamba kasi huzaa joto, na joto lisipopata njia ya kutokea hula kasi yenyewe. Wanaokataza kila kitu wamesahau kwamba mashine isiyofunguliwa kamwe huchoka na kufa ikiwa na vumbi lake tumboni. Anayetaka mwendo na aanze na vumbi, feni na pesti. Asiyeweza hayo asikanyage ndani ya bayosi. Na shule itufundishe kazi hiyo mchana, waziwazi, badala ya kutuachia tujifunze kwa kuharibu.

Hebu kwanza nieleze kwa wale ambao hawasomi Kompyuta, maana si vizuri kumwacha msomaji njiani. Prosesa ni ubongo wa kompyuta, nayo hupiga mapigo kama moyo. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Mwendo wake hupatikana kwa hesabu ya kuzidisha. Kuna mapigo ya msingi, kwa kawaida megahezi 100, halafu kuna kizidishi. Kizidishi kikiwa 31, basi 100 mara 31 ni megahezi 3,100, yaani gigahezi 3.1. Kupiga ovakloki ni kuingia katika bayosi, ile programu ya kwanza kabisa kuamka mashine inapowashwa, na kukipandisha kizidishi hicho. Mara nyingi prosesa ikipandishwa huhitaji na volti zaidi ili isiyumbe. Ni hayo tu. Si uchawi.

Na si jambo la jana. Mwaka wa 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei ya chini iitwayo Celeron 300A, ya megahezi 300. Kizidishi chake kilifungwa katika 4.5, lakini watu wakagundua kwamba ukiyapandisha mapigo ya msingi kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi zilikimbia megahezi 450 bila kulalamika, sambamba na Pentium II za bei ghali. Mwaka wa 2014 Intel hiyohiyo ikatoa Pentium G3258, ya bei ya chini pia, ila hii kizidishi chake kiliachwa wazi makusudi. Mwaka wa 2017 AMD ikatoa Ryzen 3 1200, nayo iko wazi. Ndiyo maana vijana wasio na pesa huupenda mchezo huu. Unanunua cha maskini, unatumia cha tajiri. Nami nilikuwa mmoja wao.

Sasa siri yangu. Binamu yangu, ambaye mimi humwita kaka kwa sababu ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi, ana saiba ndogo huko Keroka, pale ambapo Kisii na Nyamira zinashikana mikono. Likizo ya Agosti nilikuwa namsaidia. Ana mashine nne, na bora kati ya hizo ni ile yenye Ryzen 3 1200, aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya mkono wa pili. Kwa kuwa wezi wa Keroka hawalali, aliiweka chini ya meza ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na tundu moja dogo nyuma la kupitisha nyaya. Kumbukeni sanduku hilo.

Siku moja kaka alikwenda Kisii mjini kununua wino wa printa. Aliniachia funguo na neno moja: "Mdogo wangu, hudumia watu, usicheze." Maskini mimi! Alipopotea tu kwenye kona nikaingia kwenye bayosi. Nilikuwa nimesikia wavulana wakijisifu kuhusu gigahezi 3.9, basi nikaweka 3.9. Mashine ikakataa kuwaka. Nikaongeza volti hadi 1.4, ikawaka. Nikacheza gemu ya mpira dakika ishirini na wachezaji wakateleza kama samaki majini. Nilijiona mhandisi. Kama kungekuwa na kioo pale ningejipigia saluti.

Saa nane mchana akaingia dada mmoja, mtahiniwa wa Kidato cha Nne kutoka shule jirani, ya kutwa kama yetu. Alikuwa anamalizia mradi wake wa Kompyuta wa KCSE. Wasiojua waelewe kwamba mtihani wa Kompyuta una karatasi tatu: ya nadharia, ya vitendo na ya mradi. Mradi wenyewe ni mfumo mzima ambao mwanafunzi anaubuni na kuuunda mwenyewe, na alama zake huingia katika gredi. Shuleni kwao foleni ya mashine ilikuwa ndefu, kwa hivyo akawa anajilipia saiba kwa pesa za nauli, halafu anatembea. Alikuwa amebakiza siku nne kukabidhi.

Nikampa ile mashine ya kasi. Nilitaka kumfurahisha, na nilitaka asifu. Tena nyuma ya kazi yake niliiachia prosesa kazi nyingine, kugeuza video ya harusi ya mteja mwingine iingie kwenye simu. Hiyo ni miongoni mwa kazi zinazoichosha prosesa kuliko zote. Jua lilikuwa limepiga bati tangu asubuhi. Dada akaandika saa nzima. Nikasikia feni ndani ya sanduku ikilia kama nyuki. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo sauti ya kasi.

Kisha skrini ikawa nyeusi.

Nikaiwasha tena. Ikawaka, ikazima. Nikasubiri, nikaiwasha mara ya tatu, ikasimama. Dada akafungua faili yake kwenye flashi. Ikakataa. Ilikuwa imezimikiwa katikati ya kuandikwa, imevunjika. Nakala aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ya Alhamisi iliyopita. Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa mezani, mabega yakawa yanatikisika. Jamani, ningepigwa kofi ningeona afadhali.

Kaka aliporudi nikamwambia ni stima iliyopotea. Akatazama juu. Balbu ilikuwa inawaka, na printa ilikuwa inamulika taa yake ya kijani. Akaniuliza kwa upole, "Na hiyo balbu inatumia mafuta ya taa?" Njia ya mwongo ni fupi. Nikasema ukweli wote, mbele ya yule dada.

Hakunichapa. Alinipa bisibisi, akasema, "Fungua uone ulichokuwa unakikimbiza." Nikalivuta lile sanduku, nikaifungua mashine. Wenzangu, mapezi ya kipoza, yale mabati membamba yaliyo chini ya feni, hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na blanketi la vumbi, kama kiota cha ndege. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza ilikuwa imekauka kama chaki. Feni ilikuwa inavuta hewa ya moto iliyomo sandukuni, inaipiga juu ya blanketi, inairudisha sandukuni, inaivuta tena. Prosesa ilikuwa inapikwa kwa mvuke wake kama ndizi kwenye sufuria iliyofunikwa majani.

Usiku ule kaka alinipa kalamu nipige hesabu, nami nawapa ninyi. Joto la prosesa hupanda sambamba na mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Ryzen 3 1200 imeandikiwa wati 65. Tuseme ilikuwa inatumia volti 1.2 kwa gigahezi 3.1. Mimi niliipeleka 3.9 kwa volti 1.4. Mwendo umeongezeka mara 1.26. Volti imeongezeka mara 1.17, lakini mraba wake ni 1.36. Zidisha pamoja, unapata karibu mara 1.7. Wati 65 zimekuwa kama 111. Hii ni hesabu ya kukadiria, lakini inafundisha. Nilipata kasi ya robo zaidi kwa joto la zaidi ya nusu juu, juu ya kipoza kidogo cha wati 65, tena kilichozibwa vumbi na kufungiwa sandukuni. Prosesa hiyo mwisho wake ni nyuzi 95. Ikifika pale hujipunguza kasi, na joto likizidi kupanda, mashine hujizima ili isiungue. Kwa hivyo haikuharibika. Ilijiokoa. Aliyeumia ni yule dada.

Haya yote tunayasoma, shida ni kwamba tunayasoma kwa ajili ya mtihani tu. Kidato cha Kwanza tulifundishwa njia za kusafiri kwa joto. Joto la prosesa hupita kwenye chuma cha kipoza kwa kugusana, chuma kinaipa hewa, na hewa inaondoka nalo. Kazi ya pesti ni kujaza vijishimo vidogo kati ya chuma na chuma, kwa sababu hewa iliyonaswa mle ni mpitishaji mbaya sana wa joto. Kidato cha Tatu tunasoma jinsi umeme unavyozaa joto. Na mwaka jana darasa letu lilipotembelea kiwanda kimoja cha chai huku Nyamira, si tuliona yale mahodhi marefu ya kunyausha majani? Feni kubwa inasukuma hewa chini ya majani, hewa inapenya, unyevu unaondoka. Majani yakirundikwa mazito hewa haipiti, hata feni ingekuwa kubwa namna gani. Vumbi kwenye mapezi ni hivyohivyo.

Wapo wanaosema, "Aah, hapa kwetu ni baridi, hiyo shida ni ya Mombasa." Si kweli. Kisii iko kama mita 1,700 juu ya bahari na jioni tunavaa sweta, lakini ndani ya sanduku lililofungwa ni Lodwar. Tena hewa ya juu ni nyembamba kuliko ya pwani, kwa hivyo feni ileile hubeba joto kidogo pungufu. Baridi ya nje ni neema, ila ni neema kwa mashine iliyofunguliwa dirisha.

Tuliitengenezaje? Naeleza polepole, maana hapa ndipo penye faida. Tulichomoa waya wa umeme ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu cha ndani, maana umeme wa mwilini huua vipande vidogo. Tulitoa vumbi kwa brashi kavu ya rangi na pampu ya mkono. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Na unapopuliza, ishike feni kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa kwa nguvu hugeuka jenereta na yaweza kujiharibu. Pesti kuukuu tuliifuta kwa spiriti na kitambaa laini. Pesti mpya tuliweka tone moja kama punje ya njegere, tukakandamiza kipoza sawasawa. Nimewahi kusikia ati dawa ya meno inafaa mahali pa pesti. Haifai. Itapoza siku mbili tatu, kisha ikauke iwe udongo. Mwisho, seremala akatoboa sanduku mbele na nyuma, tukaweka wavu wa chuma ili wezi wasipate pa kupitishia mkono, na feni ya pili ya kutoa hewa ya moto nje.

Hapo ndipo kaka mwenyewe aliponirudisha kwenye bayosi. Ndiyo, kwa ruhusa! Safari hii tulipanda hatua moja moja, gigahezi 0.1 kwa wakati, bila kugusa volti mpaka iwe lazima. Kila hatua tuliichosha mashine kwa programu ya majaribio huku macho yetu yakiwa kwenye programu ya kupima joto. Tulijiwekea mipaka miwili: joto lisipite nyuzi 80, volti zisipite 1.35. Tulifika 3.6 kwa volti 1.25, tukaiacha ifanye kazi ngumu saa nzima, joto likakaa kwenye nyuzi sabini na kitu. Tulipojaribu 3.7 mashine ikayumba, tukarudi nyuma tukatosheka. Kwa hesabu ileile, hiyo ni kama wati 82, si 111. Na ikitokea mashine imekataa kabisa kuwaka, usilie. Ikiwa imechomolewa umeme, toa ile betri ya mviringo kwenye ubao mama kwa dakika chache, bayosi itasahau ujinga wako wote.

Kaka aliniambia mambo mengine matatu ambayo wavulana wa kilabu hawayataji. Kwanza, ovakloki huondoa dhamana ya kiwanda. Ukiiunguza, ni mwiba wa kujidunga, hauambiwi pole. Pili, si kila ubao mama unakubali. Kwa Ryzen, zile zenye chipu ya A320 hukataa, zenye B350 au B450 hukubali. Tatu, kile kisanduku cha kugawa umeme kikiwa cha bei ya kutupa, ukiongeza mzigo unaweza kuumiza mashine nzima. Na mashine ya kazi ya watu isiwe ya majaribio kamwe. Hilo la mwisho aliliongeza akinitazama mimi.

Yule dada? Nilikwenda saiba jioni mbili mfululizo, yeye akibuni na mimi nikimchapia orodha za majina na nambari alizokuwa nazo kwenye karatasi. Alikabidhi mradi siku yenyewe ya mwisho. Alipoondoka aliniambia, "Kijana, siku nyingine ukitaka kukimbiza kitu, kimbiza miguu yako." Sikuwa na jibu.

Sasa turudi nyumbani, katika maabara yetu. Wale wenzangu waliotaka kuzipiga ovakloki mashine za shule nawaambia kwa heshima, hata mkitaka hamwezi. Nyingi ya mashine zetu ni za mkono wa pili kutoka maofisi ya ng'ambo, zenye prosesa kama Core i5-4570 ya mwaka wa 2013. Kizidishi chake kimefungwa, na ubao mama wa mashine za ofisi hauna mlango wa kukifungua. Lakini sikieni habari njema. Prosesa hiyo imeandikiwa gigahezi 3.2, na yenyewe, bila kuguswa, hupanda hadi 3.6 kazi inapokuwa nyingi, mradi ina nafasi ya joto. Ikipata joto karibu na nyuzi 100 hufanya kinyume, inashuka chini hata ya ile 3.2. Yaani kasi tunayoitafuta tayari tumepewa bure. Ni vumbi linalotunyang'anya.

Muhula huu Mwalimu alituruhusu tufungue mashine moja tu, ile tuliyoibandika jina Mgonjwa kwa sababu ya kuzimika zimika. Tulikuta vumbi jeupe la chaki limejaa mapezi. Kabla ya kuisafisha ilikuwa inafika nyuzi 97 ikipewa kazi. Baada ya brashi na pesti mpya haikupita 66, na haijazimika tena hata siku moja. Hakuna mtu aliyeingia kwenye bayosi. Tulitumia brashi, spiriti na kijitubu kimoja cha pesti tulichochangia.

Lakini nisiwadanganye. Mgonjwa bado huchelewa kuamka asubuhi. Hilo si kosa la prosesa, ni kosa la diski kuukuu inayozunguka. Hata tungeipandisha prosesa hadi mawinguni, bado ingekaa ikisubiri diski. Dawa ya hilo ni diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Nalitaja kwa sababu ndilo somo kubwa kuliko yote: kabla ya kuongeza kasi, uliza kwanza ni nini kinachochelewesha. Sisi tuligombana kilabu nzima bila mtu hata mmoja kuuliza.

Kwa hayo natoa maombi yangu kwa walimu na viongozi wa wanafunzi. La kwanza, tuwe na siku moja kila muhula ya kusafisha mashine ndani, si kupangusa skrini tu. La pili, makasha yasogezwe upana wa kiganja kutoka ukutani, na vile vitambaa vizuri vya kufuma ambavyo dada zetu wametushonea vitolewe mashine zikiwa zinafanya kazi. Vinapendeza, lakini vinaziba matundu. La tatu, chaki iondoke maabara, iletwe mbao nyeupe. La nne, mashine moja iliyokwisha kufa itolewe kwa kilabu iwe ya kujifunzia, tuifungue na kuifunga mpaka tuchoke.

Najua hofu ya walimu, na hofu hiyo ina msingi. Makasha yakifunguliwa, kumbukumbu za RAM hupata miguu. Basi na ziandikwe nambari zake katika kitabu, kazi ifanywe mbele ya Mwalimu, na kila kasha likifungwa libandikwe karatasi yenye saini yake. Lakini kukataza tu hakutoshi. Mimi nilikatazwa, nikangoja mtu azibe macho nikaingia. Nilipofundishwa, nilijua mwenyewe mahali pa kusimama. Na tukumbuke karatasi ya vitendo ya KCSE ni saa mbili na nusu. Mashine ikimzimikia mtahiniwa dakika ya mia, hakuna hotuba itakayomrudishia kazi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo atajengewa mtoto wa mtu ambaye hakukosa lolote.

Kwenu wavulana na wasichana wa kilabu, sisemi msipende kasi. Mimi bado naipenda, na ile Ryzen ya Keroka bado inakwenda kwa 3.6 mpaka leo ninapoandika. Nasema tu tusikimbilie nambari za kujisifia. Atakayeniambia mashine yake imefika gigahezi 3.9, swali langu litakuwa moja: na joto je?

Siku ya kusafisha ikikubaliwa, brashi yangu ya rangi iko tayari begini.